Utafiti wangu unamhusu mama yangu, na ni wa uongo

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, niko mwaka wa tatu. Chuo sitakitaja. Wiki tatu kutoka leo natakiwa kusimama mbele ya jopo kutetea utafiti wangu, na utafiti huo sikuufanya mimi.

Nimezaliwa Ukerewe. Mama yangu ananunua dagaa wabichi mwaloni, pale mitumbwi inapotua, anawaanika, wakifika gunia kadhaa anavuka nao Mwanza kuuza Kirumba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Ada ya sekondari, sare, godoro la bweni, vyote vilitoka kwenye dagaa. Kwa hiyo tulipoambiwa tuchague mada sikuhangaika. Nilichagua changamoto za mtaji kwa wanawake wauza dagaa wa Ukerewe. Nilijua nitaiweza, maana hayo ndiyo maisha niliyokulia.

Pendekezo langu la kwanza lilirudi limeandikwa kwa wino mwekundu: "Haieleweki. Rudia." Nikarudia. La pili likarudi na maneno yale yale, na chini yake neno moja la nyongeza: "Lugha." Nilikwenda ofisini kwa msimamizi mara nne. Mara mbili sikumkuta. Mara moja kulikuwa na foleni hadi kwenye ngazi. Mara ya nne aliniambia nikasome tena mbinu za utafiti. Somo hilo hilo nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa pili, na tangu hapo nikisikia neno "sampuli" tumbo linanikata. Fedha ya utafiti nayo ilichelewa kuingia, na nauli ya kwenda nyumbani na kurudi sikuwa nayo.

Rumeti wangu akaniambia, "Wewe unateseka nini? Nenda kwa yule kaka wa steshenari, wote tumepita kwake." Nikaenda. Bei 150,000: 80,000 kianzio, iliyobaki ukikabidhiwa kazi. Niliitoa kwenye bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, nikala wali maharage mara moja kwa siku kwa mwezi mzima. Aliniuliza mada na jina langu tu, hakuuliza kitu kingine. Baada ya siku kumi na moja nikapata kurasa 62, sura tano kamili, majedwali, na bahasha ya madodoso 80 yaliyojazwa. Nilimkuta akimalizia ya mwisho. Alikuwa na kalamu nne mezani, anabadilisha kalamu na kulaza mwandiko, huku anaongea na mteja mwingine aliyekuja kutoa kopi.

Msimamizi alisaini. Akaniambia, "Sasa umeelewa." Mwalimu, sijui nilijisikiaje siku ile.

Juzi nimeanza kuisoma ili nijiandae kujibu maswali. Nikafika sura ya nne. Kuna jedwali linasema wengi wa waliohojiwa wananunua dagaa wabichi kila siku ya mwezi. Lingine linasema chanzo kikuu cha mtaji wao ni mikopo ya benki. Mama yangu hajawahi kukanyaga benki. Mtaji wake ni kikoba na mali kauli kwa mwenye mtumbwi, yaani anachukua dagaa leo na kulipa akishauza. Na hakuna mtoto wa mwaloni asiyejua kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inavutwa mchangani, hakuna dagaa.

Jioni hiyo mama akapiga simu. Katika mazungumzo akaniuliza, "Hiyo risechi yako ya dagaa, mbona hujaja kutuuliza?" Nikamwambia niliuliza wengine.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Wenzangu wananiambia jopo ni dakika kumi na tano tu, nikariri sura ya tatu na hitimisho, nitapita. Huenda ni kweli. Lakini mimi si mvivu, Mwalimu. Kidato cha sita nilipata daraja la kwanza. Ninajiuliza kwa nini nilifanya hivi, na kwa nini karibu kila ninayemjua hapa amefanya kitu cha aina hii. Mimi ni mwizi? Nikisema ukweli nikafukuzwa, nitamwangalia mama kwa macho gani? Nikinyamaza, nitaishije na kitabu kile?

Binti wa Mwaloni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale mama anapokuuliza mbona hujaenda kuwauliza. Nitarudi hapo. Nianze na swali lako la kwa nini, maana hilo watu wazima tunalijibu kwa haraka mno. Tunasema vijana wa siku hizi wavivu, wanapenda mteremko. Mvivu haandiki pendekezo mara mbili, wala haendi ofisini mara nne. Kuna kitu kingine hapa, na mimi nimekiona kwa karibu kwa sababu nimefundisha chuo miaka 19.

Tuanzie mbali kidogo. Ulisoma miaka saba kwa Kiswahili. Halafu ukaingia kidato cha kwanza ukakuta bailojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, historia ya babu zako kwa Kiingereza. Ulifanyaje? Ulifanya walivyofanya wenzako wote. Ulinakili ubaoni neno kwa neno, ukakariri, ukaenda kuyamwaga kwenye karatasi ya mtihani. Ukapewa alama nzuri na ukasifiwa mbele ya wazazi. Jirani yako aliyethubutu kuandika kwa maneno yake akakosea sarufi alipigwa mistari myekundu. Kwa miaka sita ya sekondari mmefundishwa kwamba maneno ya mtu mwingine ni salama kuliko yenu. Kisha mnafika chuo kikuu, wiki ya kwanza mnapewa kijitabu cha kanuni kinachosema kunakili ni kosa la kufukuzwa. Kati ya siku mliyosifiwa kwa kunakili na siku mliyotishiwa kufukuzwa kwa kunakili, hakuna aliyewashika mkono kuwavusha.

Ndiyo maana lile neno moja, "Lugha", lilikuumiza kuliko mengine yote. Lilikuambia kwamba unachokijua hakitahesabiwa mpaka ukiseme kwa lugha ambayo hujawahi kuruhusiwa kukosea ndani yake. Ukaenda kununua mdomo wa mtu mwingine. Ninaielewa njia uliyopita, ingawa sikubaliani na ulikofikia.

Sababu ya pili ni woga, na woga wenyewe una namba. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua 3.5 kuliko wanavyojua tarehe za kuzaliwa za wadogo zao, kwa sababu kwenye mizani ya GPA, wastani wa alama, ya vyuo vyetu hapo ndipo inapoanzia daraja la pili la juu. Anayetaka kubaki chuoni kufundisha anaiangalia 3.8. Chini kabisa kuna sapu, na chini ya sapu kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Mtu aliyesomeshwa na ukoo mzima hasikii neno kudisko kama habari ya masomo. Anasikia sauti ya mjomba aliyeuza ng'ombe. Kijana wa namna hiyo akishapata sapu moja, somo lile linageuka kuwa mnyama wa kukwepwa. Halisomi tena, anatafuta njia ya kulizunguka. Wewe mwenyewe umesema tumbo linakukata ukisikia sampuli. Hapo ndipo ulipofika steshenari, hata kabla rumeti hajafungua mdomo.

Lakini nisikudanganye kwamba ni umaskini na lugha tu. Mwaka 1964 Mmarekani William Bowers alichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 5,000 kutoka vyuo 99 vya nchini kwake, na zaidi ya nusu walikiri kuwahi kudanganya katika masomo. Hao walikuwa wanasoma kwa lugha waliyozaliwa nayo. Na leo hapo Nairobi kuna vijana wenye digrii zao ambao kazi yao ya usiku ni kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani wenye uwezo wa kulipa. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria ya kuifanya kuwa kosa la jinai katika eneo la England. Kwa hiyo tajiri naye ananunua. Donald McCabe, aliyefuata nyayo za Bowers, alichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na yeye na mwenzake Linda Treviño waliandika mwaka 1993 kwamba kitu chenye nguvu kuliko vyote walivyopima ni vile mwanafunzi anavyoamini wenzake wanafanya. Soma tena maneno ya rumeti wako: wote tumepita kwake. Hakukuambia ni vizuri. Hakukuambia hutakamatwa. Alikuambia tu kwamba wewe peke yako ndiye uliyebaki nje kwenye mvua.

Sasa niseme la upande wetu, na hili linaniuma.

Mwaka mmoja nilipewa wanafunzi wengi wa kuwasimamia kuliko ninavyoweza kusoma kazi zao. Nilisoma utangulizi, nikarukia hitimisho, nikasaini. Siku ya utetezi kijana wangu mmoja aliulizwa na mwenzangu wa jopo swali jepesi kabisa: uliingia kwenye kituo cha afya ulichokitafiti kwa mlango upi, na mapokezi yako wapi? Alinyamaza. Akaangalia karatasi kana kwamba mlango umeandikwa humo. Jasho likamtoka kwenye kola. Nilimkasirikia sana mchana ule. Usiku nilikumbuka kwamba saini iliyokuwa kwenye ukurasa wa pili ilikuwa yangu. Kama ningemuuliza swali lile lile miezi mitatu kabla, ofisini, tukiwa wawili, angepata nafasi ya kwenda kweli.

Tunatoa kazi za vikundi vya watu kumi tukijua mmoja ataandika na tisa wataongeza majina. Tunarudia maswali mwaka hadi mwaka, mpaka desa, yale makaratasi ya majibu na muhtasari, la kaka wa mwaka wa nne lina thamani kuliko muhadhara wetu. Tunaandika "Rudia. Haieleweki" bila kusema kipi hakieleweki. Mwanafunzi akiona hasomwi, anaacha kuandika kwa ajili ya kusomwa. Msimamizi wako alipokuambia "sasa umeelewa" juu ya kazi ambayo hata wewe ulikuwa hujaisoma, na yeye alikosea. Simjui, na huenda ni mtu mwema aliyelemewa kama nilivyolemewa mimi. Bado alikosea.

Basi, wewe ni mwizi? Umedanganya. Hilo neno linatosha, usilipunguze na usilikuze. Ukilikuza utajiona huna maana ya kujaribu, na ukilipunguza utakuja kusema kama wale wanaosema hakuna aliyeumia.

Maana yupo aliyeumia. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fikiria ofisa mmoja kijana, mwadilifu, anataka kujua wauza dagaa wa Ukerewe wana shida gani ya fedha. Anaingia maktaba ya chuo, anakuta kitabu chenye jina lako, mtoto wa huko huko. Anafungua sura ya nne. Kinamwambia akina mama wale wanapata mikopo benki na wananunua dagaa mwezi mzima bila kupumzika. Anafunga kitabu na kuandika kwamba kundi hili halina dharura. Yule kaka mwenye kalamu nne hakukuandikia kazi tu. Amemsemea mama yako, na amemsemea uongo. Wewe ulilihisi hilo kabla yangu, ndiyo maana hulali.

Na usiamini kwamba likishapita limepita. Aprili 2017 nchi hii ilitangaziwa watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wamefanya kazi miaka mingi, wana watoto shuleni na nyumba nusu. Ujerumani, Annette Schavan alipata udaktari wake mwaka 1980. Mwaka 2013, akiwa waziri wa elimu, chuo kilimvua shahada hiyo kikisema alichukua maandishi ya wengine bila kuwataja. Alikana kwamba alikusudia kudanganya, lakini uwaziri aliuacha siku chache baadaye. Miaka 33 ilikuwa imepita. Kwako wewe zimepita wiki chache tu, na utetezi bado. Katika jambo lako lote hilo ndilo jema kuliko mengine: bado uko upande wa huku wa mlango.

Ninakushauri uende kwa msimamizi wako wiki hii. Sisemi siku ya utetezi, wala baada ya kusoma sura zote na kuona kama unaweza kuzikariri. Wiki hii.

Kabla hujaenda, fanya kazi mbili. Ya kwanza, tafuta kanuni za mitihani za chuo chako usome sehemu ya udanganyifu kwa macho yako mwenyewe, usiridhike na za kusikia. Kanuni hutofautiana. Nimeona wanafunzi waliorudishwa kufanya upya, na nimeona waliosimamishwa mwaka. Kufukuzwa kupo pia, siwezi kukuahidi kwamba hakutakugusa. Ninachoweza kukuambia kutokana na vikao nilivyokaa ni kwamba aliyekuja mwenyewe kabla ya kukamatwa tulimsikiliza kwa sikio tofauti na aliyeletwa. Kama chuo kina mshauri wa wanafunzi au mlezi unayemwamini, mpitie kwanza, akusindikize.

Ya pili, chukua karatasi moja uandike kwa Kiswahili, kwa mkono, kila unachokijua kuhusu mtaji wa mama yako. Mali kauli inalipwaje. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani wanaharibika vipi na wanaishia kuuzwa kwa bei gani kwa watu wa chakula cha kuku. Mwenye chanja anamzidi nini anayeanika chini. Kikoba kinakopesha kiasi gani na kinakataa lini. Andika bila kufikiria sarufi ya mtu yeyote. Utajaza karatasi mbili, na utashangaa kuona tatizo la utafiti limejikalia humo ndani. Kisha liweke wewe mwenyewe kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Kiingereza chenye makosa ambacho ni chako kinarekebishika.

Ukifika ofisini, usizunguke. Mwambie: "Mwalimu, kazi uliyosaini sikuifanya mimi. Takwimu zake si za kweli. Nimekuja kukuambia kabla ya utetezi, na ninaomba nafasi ya kuifanya mwenyewe." Mpe zile karatasi. Atakasirika, na sehemu ya hasira hiyo itakuwa ya kujikasirikia mwenyewe, ninaijua. Mwache aimalize. Usijitetee kwa foleni na wino mwekundu siku hiyo hata kama ni kweli. Siku nyingine utapata nafasi ya kuyasema.

Akikuuliza nani wengine, taja lako tu. Rumeti wako ana dhamiri yake na miguu yake, akitaka ataipanda ngazi ile mwenyewe. Wapo watakaosema ninakosea hapa, kwamba ukimya huo ndio unaolea tatizo. Ninawaelewa. Lakini ninakuona una mzigo wa kutosha kichwani, na sitaki toba yako igeuke kuwa mashtaka ya watu wengine.

Usirudi kwa yule wa steshenari kudai hela. Imekwenda. Watu wa biashara hiyo wakibanwa huwa hawaoni aibu kumtisha mteja kwamba watamsemea chuoni, na wewe ukishajisemea mwenyewe hana cha kukutishia nacho. Hiyo nayo ni faida ya kuwahi.

Najua pia kuna atakayekuambia kwamba sasa steshenari zimepitwa, tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 unapata sura tano bure kwenye simu. Kama kanuni za chuo chako zinaruhusu kuitumia kurekebisha sarufi, itumie kwa hilo na useme umeitumia. Kukutungia majibu ya akina mama ambao hawakuulizwa, hiyo ni kalamu ya tano tu mezani kwa yule kaka.

Kuhusu kufanya upya: usiogope ukubwa. Hukuhitaji madodoso 80. Muulize msimamizi kama utaruhusiwa kufanya mahojiano ya kina na wanawake 15 au 20, ubadilishe mbinu na ueleze sababu. Ni utafiti halali kabisa na unakufaa wewe, kwa sababu akina mama wale watakuambia kwa Kikerewe au Kijita mambo ambayo hawatamwambia mgeni mwenye karatasi ya maswali ya ndiyo na hapana. Jambo moja tu: mama yako asiwe miongoni mwa wahojiwa. Yeye akutambulishe kwa wenzake, akuelekeze, akusahihishe ukiandika upuuzi. Umeandika mwanzoni kwamba ulichagua mada hii kwa sababu uliijua. Uliijua kweli, na bado unaijua. Ulikosa tu mtu wa kukuambia kwamba kujua huko ndiko kuanza kwa utafiti.

Na mama? Mwambie. Tena mwambie kabla hujaanza kuwahoji wenzake, kwa sababu utahitaji akutembeze kwao na hawezi kukutembeza juu ya jambo usilomweleza. Usimwambie kwa simu. Unauliza utamwangalia kwa macho gani ukifukuzwa. Mwanangu, huyu ni mama anayeanika dagaa alfajiri, mvua inakuja saa tatu inaharibu kazi ya usiku kucha, na kesho yake anarudi mwaloni na beseni. Hasara anaijua. Atalia pengine, na atakugombeza. Lakini amekuuliza mwenyewe mbona hujaja, na swali hilo bado liko wazi kati yenu. Ukienda na daftari mkononi, utakuwa umemjibu.

Nimeangalia kalenda. Kuanzia mwisho wa wiki hii mwezi unapevuka. Mitumbwi itavutwa mchangani, na akina mama watakuwa wamekaa majumbani wanasukana na kuhesabu madeni ya kikoba. Ukishatoka ofisini kwa msimamizi na ruhusa mkononi, panda meli siku hizo. Watakuwa na nafasi ya kuongea.